Ukoo wetu hapa London ulivyomchunguza mgombea urais wa Marekani kama vile anakuja kuposa

Wakuu, nawasalimu kutoka Walthamstow, kwenye baridi isiyo na adabu.

Hiki nitakachosimulia hakikumpata rafiki wa rafiki yangu. Kimenipata mimi, na ndugu zangu wakipita humu watanijua hata kabla hawajamaliza ukurasa. Sitaongeza chumvi, iliyopo inatosha.

Majina ya watu nimebadilisha. Wagombea siwataji na mwaka siutaji, kwa sababu nawajua. Tutaanza vizuri, ukurasa wa pili mtakuwa mnatukanana kwa ajili ya vyama vya nchi ambayo wengi wenu mmenyimwa hata visa ya kutembea.

Twende.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilienda Minnesota kusoma, nikabaki, nikafanya kazi, mwisho nikala kiapo nikawa raia wa Marekani. Mambo ya uraia pacha tusianze leo. Baadaye nikampata Zuhura, mtu wa nyumbani lakini nesi hapa London. Yeye theluji ya Minnesota hakutaka hata kuisikia, kwa hiyo nikahama mimi. Ndiyo, mwanaume alimfuata mke. Chekeni, nawasubiri.

Kazi yangu ni kufundisha watu kuendesha gari. Siku nzima nakaa kiti cha abiria nawaambia wanafunzi, amua, usisimame katikati ya roundabout kama mtu aliyesahau kwao. Nawaambia kwa ukali kabisa.

Sasa, raia wa Marekani hata akiishi nje, kura yake anayo. Anatumiwa karatasi, anajaza, anairudisha kwa posta. Na katika ukoo wetu wote, kuanzia Tanga mpaka hapa, mwenye kura hiyo ni mimi peke yangu.

Kwetu kitu kikiwa kimoja, basi ni cha wote.

Ami Bakari, yaani baba yangu mdogo, dereva wa basi mstaafu, aliposikia karatasi imefika alinipigia simu. Hakuuliza nitamchagua nani. Alisema, "Jumapili tunakaa kikao kwa shangazi yako. Njoo nayo."

Nikamwambia, ami, kura ni siri.

"Siri kwa nani? Sisi ni watu baki?"

Najua kuna mtu tayari anaandika kwamba kura moja haibadilishi kitu. Ndugu yangu, namba ya Ami Bakari nitakupa, kamwambie mwenyewe.

Kabla hatujaingia kikaoni lazima mjue kilichokuwa mezani.

Mgombea wa kwanza tulimpa jina Mzee wa Kanisa. Mke mmoja tangu ujana. Hanywi, hatukani, mama yake mzazi mgonjwa anamlea nyumbani kwake mwenyewe. Ni mtu ambaye ungemwachia funguo za nyumba ukasafiri. Lakini ahadi yake kubwa ilikuwa kufunga visa za watu wanaowafuata wenza wao Marekani. Mke aliyeko Tanga abaki Tanga. Alisema hivyo bila kupepesa macho, na kila mtu alijua huyu akisema anafanya.

Wa pili, Mzee wa Totoz. Jina linajieleza. Alikuwa na mahusiano na binti mmoja wa ofisini kwake. Mambo yalipovuja binti akafukuzwa kazi, na yeye akasimama mbele ya kamera akamwita mwongo na mtu wa kutafuta umaarufu. Ushahidi ulipotoka akamuomba mkewe radhi. Yule binti hakuombwa. Lakini sera zake, wakuu, kama alitumwa na sisi. Familia ziungane, foleni ya visa ipungue, watu wasikae miaka wanasubiriana.

Na sisi tulikuwa na mtu kwenye foleni.

Mdogo wangu Mwanaidi yuko Tanga na binti yake. Mumewe, Salim, yuko Minnesota, ana green card. Salim aliondoka mtoto akiwa tumboni, na sasa mtoto anasoma, anaandika jina lake. Baba yake anamjua kwa video call tu. Walikuwa wamebakiza hatua ya mwisho, interview ubalozini mwaka unaofuata. Mzee wa Kanisa akishinda, safari ya Mwanaidi imekufa.

Basi Jumapili tukakaa kwa Shangazi Mwanahawa, hatua chache kutoka sokoni. Pilau ikaliwa, vyombo vikaondolewa, Ami akasoma Fatiha. Kikao kikafunguliwa.

Hapa ndipo ukoo wangu ulipofanya kitu ambacho sidhani kama kuna Mmarekani angekielewa. Sisi tunajua njia moja tu ya kumpima mwanaume mgeni. Uchunguzi wa posa. Kwa hiyo wakaanza kumchunguza Rais wa Marekani kama vile ametuma mshenga na barua iko mlangoni.

Anakunywa? Anamtunza mama yake? Ana watoto nje? Jirani zake wanasemaje? Hasira zake zikoje? Mimi ndiye nilikuwa shahidi, kwa kuwa nilikaa kule. Nikajikuta natafuta kwenye simu majirani wa mgombea urais wamesemaje.

Mzee wa Kanisa alifaulu kila swali. Shangazi alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, ungedhani anamuoza mwanawe.

Tulipofika kwa Mzee wa Totoz nikaeleza habari ya yule binti. Nilitegemea Shangazi atalaani uzinzi. Akasema, "Mimi simlaumu kutaka mwanamke wa pili. Namlaumu kutomuoa. Umelala na mtoto wa watu, kesho unamkana mbele ya dunia? Huyo hata mbuzi simpi achunge."

Ami akacheka. "Mwanahawa, ukipenda boga penda na ua lake."

"Sikulipenda hilo boga lenyewe!"

Lazima niwaambie kuhusu Shangazi. Mumewe alimwacha hapa hapa London kwa ajili ya mwanamke mwingine, zamani sana, mimi nikiwa bado Tanga navaa kaptula. Ukoo mzima unajua habari hiyo na hakuna anayeitaja. Kwa hiyo alipopaza sauti, wote tuliangalia mazulia.

Ami hakukata tamaa. Akasema hatumtafutii mtu mume, tunamtafutia Mwanaidi njia. Mzee wa Totoz atalala na nani, hiyo kesi yake na mkewe na Mungu wake. Sisi tuangalie atatufanyia nini. Akamalizia na ile ya mchagua nazi hupata koroma.

Zuhura, mke wangu, akasema kitu kimoja tu. "Hospitalini kwangu angekuwa bosi wangu ningeacha kazi. Mnataka awe bosi wa nchi?"

Binti yetu Leila, wakati huo ana umri wa kidato cha pili, alikuwa kwenye kochi na simu yake. Anaelewa Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza. Akasema bila kuinua kichwa, "This is so weird." Hakuna aliyembishia.

Ikapigwa kura ya mikono. Kura ya kuamua kura, wakuu! Mzee wa Totoz akapita. Shangazi akaenda jikoni kugongana na masufuria, na Zuhura hakunyoosha mkono upande wowote. Ami akanikabidhi karatasi yangu mwenyewe kama anayenipa mahari nikaipeleke.

Nikarudi nayo nyumbani. Nikaiweka juu ya friji.

Pale ndipo mateso yangu yalipoanza.

Sijawahi kuwa mtu wa kuhangaika. Lakini wiki ile sikukalika. Nikikaa nasimama. Nikifungua friji naiona ile karatasi, nafunga bila kuchukua nilichofuata. Nikawa natembea soko lote la Walthamstow kutoka mwanzo mpaka mwisho, narudi mikono mitupu, Zuhura ananiuliza nyanya ziko wapi. Mwanafunzi wangu mmoja akaingia roundabout vibaya na mimi hata sikuona. Honi ndiyo ilinizindua.

Nilikuwa namuona Mwanaidi na mtoto wake. Halafu namuona yule binti wa ofisini, ambaye simjui, amesimama nje ya nyumba yao na waandishi wamemzingira. Nikimtetea huyu naona nimemkanyaga yule.

Mwisho nikasema, ngoja nimpigie mwenye shida. Nikampigia Mwanaidi nikiwa nimeegesha gari nasubiri mwanafunzi. Nikamwambia habari njema, kikao kimekuamulia wewe. Lakini mwenzio, nikaongeza, roho yangu nzito, jamaa ni mchafu.

Akacheka.

Ila kile kicheko sikukipenda.

"Kaka, mchafu kama Salim?"

Nikauliza Salim kafanya nini.

Akaniambia. Miezi kadhaa nyuma wakiwa kwenye video aliona kanga imetundikwa mlangoni nyuma ya Salim. Akamuuliza, tangu lini unavaa kanga? Salim akageuza kamera. Basi. Baadaye dada mmoja wa Kiswahili aliyeko kule akamthibitishia kwamba yupo mwanamke, na anaishi mle mle ndani.

Wakuu, nilipandwa na hasira. Nikamwambia, achana na hiyo visa! Kesho namwambia Ami. Umdai talaka huyo mshenzi.

"Ukimwambia Ami," akasema, "kikao kitakaa, na wataniambia nivumilie au wataniambia niachike. Hakuna atakayeniuliza nataka nini."

Nikamuuliza, haya, unataka nini?

"Nataka kwenda. Nimesubiri kwenye hiyo foleni kwa nguvu zangu, siyo zake. Nikifika na mwanangu, nikiwa na karatasi zangu mkononi, ndipo nitajua Salim namfanya nini. Hapa nilipo siwezi hata kugombana naye, simu yenyewe anakata."

Halafu akasema neno ambalo bado ninalo. "Wewe piga kura unavyotaka, kaka. Ila usinifungie mlango halafu uniambie umeniokoa."

Mwanafunzi akafika, akafungua mlango wa gari, akanikuta nimeganda. Tulifanya somo baya kuliko yote niliyowahi kufundisha. Sikumtoza.

Sasa nikawa na siri. Na swali likageuka kabisa. Mwanzo lilikuwa, je nimpe kura mwanaume mbaya ili dada yangu amfuate mumewe mwema. Kumbe mume naye ni walewale! Na tena, wakuu, tukumbushane ukweli. Salim alipokuja kuposa, uchunguzi haukufanyika. Ukoo huu huu uliokaa Jumapili kuuliza jirani wa mgombea urais wanasemaje, kwa Salim ulisikia neno green card tu, ndoa ikafungwa.

Nikasema labda kura nimpigie Mzee wa Kanisa. Angalau nitakuwa nimesimama upande wa watu waaminifu, na dada yangu atabaki karibu na mama yetu kule Tanga. Jioni hiyo nikawa nimeshaamua. Asubuhi nikawa sijaamua.

Shangazi akanipigia nimpeleke Edgware Road, anataka udi na halua. Tukamaliza manunuzi, tukaingia mgahawa mmoja wa Waarabu kupumzisha miguu yake. Tukaagiza chai. Nikakoroga yangu mpaka akanishika mkono.

"Mwanaidi amekwambia nini?"

Nikasema hakuna kitu.

"Basi kuna mwanamke."

Sikujibu. Nitakachowaapia ni kwamba sikujibu. Lakini Shangazi hakuhitaji jibu, aliangalia pembeni, na nilipomtazama macho yalikuwa yamejaa machozi.

Akaniambia kitu ambacho ukoo mzima haukijui. Sisi tumesimuliwa kwamba alimfuata mumewe London, akafika, akamkuta na mwanamke, moyo ukavunjika. Shangazi akasema alijua akiwa bado Tanga. Kuna mtu alimwandikia. Akapanda ndege anajua.

Nikamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu ningebaki ningekuwa mke aliyeachwa nyumbani kwa kaka zake, nawakaangia watoto wao maandazi. Nikaja. Nikalia mwaka mzima kwenye baridi hii. Halafu nikapata kazi yangu, na nyumba yangu, ndiyo hiyo mnayoilia pilau na kufanyia vikao vyenu vya kijinga."

Nikapata nguvu. Nikasema, kwa hiyo Shangazi, unaniambia nimpigie Mzee wa Totoz?

Akanitazama kana kwamba nimemmwagia chai kwenye buibui.

"Nani kasema? Mimi ningekuwa na kura simpi, hata akinijengea nyumba Tanga. Mwanaidi angenichukia na ningekufa hivyo hivyo. Lakini kura ni yako wewe. Kiapo ulikula wewe, sikukila mimi. Mtu mzima mwenye ndevu unazunguka unaomba wanawake wakuamulie."

Niliona aibu. Pia nilikasirika kidogo, siwafichi.

Tulirudi kwa tyubu, treni ya chini ya ardhi, na mfuko wa halua kati yetu.

Siku iliyofuata Zuhura alikuwa zamu. Nikashusha karatasi juu ya friji, nikakaa nayo mezani. Nikaweka alama kwa Mzee wa Totoz. Sikujihisi shujaa. Nilihisi kama mtu anayelipa rushwa ili mgonjwa wake apokelewe, anajua anachofanya na anafanya. Nikafunga bahasha, nikatoka haraka kwenda posta kabla sijabadilika tena.

Zuhura aliporudi nikamwambia. Akavua viatu, akasema, "Sawa. Ila usiniambie ilikuwa rahisi."

Nikamwambia haikuwa.

"Vizuri," akasema, akaenda kulala.

Mzee wa Totoz alishinda. Ami Bakari alinipigia akishangilia kana kwamba kura iliyomvusha ni ile ya kwetu. Foleni iliendelea. Mwanaidi akaitwa ubalozini, akapewa visa, akafika Minnesota na mwanawe katikati ya baridi kali na sweta jepesi la mtumba.

Kwa Salim alikaa kipindi kifupi tu. Kilichotokea mle ndani ni chake, akitaka atasimulia mwenyewe. Ninachojua ni kwamba sasa amepanga chumba chake, anafanya kazi kwenye bakery, na mtoto anasoma. Talaka aliidai yeye. Ami aliposikia alitaka kuitisha kikao, Mwanaidi akamwambia kwa heshima zote, ami, niko kazini.

Hapo ningeweza kumaliza, na mngesema safi mkuu, uliamua vizuri. Hata mimi nilijisemea hivyo kwa muda mrefu.

Juzi tulikuwa sebuleni, taarifa ya habari inaendelea. Wakamuonyesha yule binti wa ofisini. Sasa si binti tena, amekuwa mwanamama, amechoka usoni. Rais alikuwa ametoka kumwita mwongo upya, kwenye mkutano, watu wanacheka. Mwandishi akamuuliza maisha yakoje. Akasema kila anapoomba kazi wanamtambua kabla hajakaa. Akasema amezoea, lakini mama yake hajazoea.

Leila akaweka simu chini.

"Baba, didn't you vote for him?"

Nikasema ndiyo.

"Why?"

Nikamwambia kwa ajili ya shangazi yako Mwanaidi. Nikamweleza yote, foleni, mlango, mtoto. Nilieleza vizuri, nimekuwa na muda wa kutosha kujipanga. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanyoosha kidole kwenye TV.

"And her?"

Zuhura alikuwepo. Hakunisaidia.

Wakuu, nilichojifunza ni kidogo. Nilidhani nachagua kati ya tabia na sera. Kumbe nilikuwa nachagua nani aumie, na upande wowote ule aliyeumia asingekuwa mimi. Ikirudi ile karatasi leo nitaweka alama palepale. Ila sitajiita mtu mwema kwa hilo, na Leila nimemwambia hivyo. Amesema hilo si jibu. Ni kweli, si jibu.

Waliowahi kupiga kura na kidole kikabaki kizito, karibuni chini hapo. Na wenye mabinti mniambie, ninyi mngemjibu nini?